Chumba Kilicho Juu ya Nguzo: Zuia Baridi, Usizuie Hewa

Kama shamba lako liko Kinangop, Limuru, Molo au mahali pengine penye baridi, na kiwanja chako ni cha mteremko, huenda nyumba yako imejengwa namna hii: vyumba vya nyuma vimekaa juu ya udongo, na vyumba vya mbele vimebebwa na nguzo kwa kuwa ardhi imeshuka chini yake. Wengine hawakuweka hata nguzo. Wamerefusha boriti za sakafu zikatokeza nje ya msingi futi 2 au 3, na chumba kikaongezeka upana kwa njia hiyo. Ujenzi huu si mbaya. Haukulazimishi kukata kilima, na maji ya mvua hupita chini bila kuingia ndani. Ubaya wake ni mmoja: mtu anayelala katika chumba hicho cha mbele husikia baridi kuliko wenzake wote, na baridi yenyewe hutoka chini. Unaweza kutandika mkeka, na juu ya mkeka ukaweka zulia, na bado ukishusha mguu asubuhi utadhani umekanyaga maji ya mto.

Habari hii inaeleza namna ya kuizuia baridi hiyo bila kuozesha mbao. Mambo haya mawili hayana budi kwenda pamoja. Wengi wameshika la kwanza wakasahau la pili.

Mkulima mmoja wa upande wa Kinangop alikuwa na chumba cha namna hii, na humo ndimo alimolala mama yake mzee. Mwezi wa Julai ulipofika yule mama akaanza kulalamika kwa ajili ya miguu. Mwanawe alikuwa mtu wa bidii. Alichukua magunia makuukuu na maganda ya mahindi akayasokomeza katikati ya boriti, kisha akapigilia karatasi ya nailoni chini yake ili yasianguke. Halafu akafunga pande zote tatu kwa mabaki ya mbao toka sakafuni mpaka ardhini, pasipo kuacha hata ufa, na ndani yake akafungia mbuzi wanne. Mwaka wa kwanza chumba kilikuwa na joto, na majirani wakamsifu. Mwaka wa pili kukawa na harufu kama ya uyoga. Mwaka wa tatu, mvua ndefu zilipokwisha, mguu wa kitanda ulitoboa sakafu usiku, na yule mama akaanguka akaumia nyonga. Ubao ulipong'olewa ulivunjika mkononi kama mkate mkavu. Boriti tano kati ya saba zilikuwa zimeoza.

Hakukosa kwa kutaka joto. Kosa lake lilikuwa kufunga mahali pasipotakiwa kufungwa. Ili usikosee kama yeye, inafaa kwanza ujue baridi inaingiaje.

KWA NINI SAKAFU YA MBELE HUWA BARIDI

Udongo haupoi upesi. Ukichimba shimo la futi 3 au 4 utakuta udongo wa chini una joto lile lile usiku na mchana, ijapokuwa juu kuna sakitu, ile barafu nyeupe ya alfajiri inayounguza viazi. Basi chumba cha nyuma kimekaa juu ya kitu kisichobadilika sana. Chumba cha mbele kimekaa juu ya hewa tupu, na hewa ya Kinangop, iliyo juu ya bahari kiasi cha mita 2,500, hupoa sana kila usiku usio na mawingu. Tena hewa hiyo haitulii. Upepo hupita chini ya mbao ukichukua joto lake, kama vile mtu apulizavyo uji upate kupoa. Chumba kama hiki hupoteza joto kwa dari, kwa kuta, na kwa sakafu pia, hali chumba cha nyuma hupoteza kidogo sana kwa upande wa chini.

Na kuna nyufa. Mbao nyingi zinazouzwa hupigiliwa zikiwa bado mbichi. Zikikauka husinyaa, na kati ya ubao na ubao hutokea mwanya ambao hauonekani kwa sababu ya mkeka. Ukitaka kuujua, zima taa usiku wa upepo, lala kifudifudi, pitisha mkono wako juu ya sakafu. Au mwambie mtoto aingie chini na tochi, nawe uangalie mwanga unatokea wapi. Pengine hutahitaji kazi kubwa. Kuna nyumba ambazo zaidi ya nusu ya shida yao huondoka kwa kuziba nyufa tu, kwa vipande vyembamba vya mbao vilivyochongwa vikapakwa gundi na kugongwa ndani polepole. Anza na hilo, kwa maana gharama yake ni ndogo.

Ukiisha kuziba nyufa na chumba bado ni baridi, ndipo utafute kinga.

KITU GANI KINAZUIA BARIDI

Watu wengi hudhani kitu kizito ndicho kinachozuia baridi. Sivyo. Kizuiacho ni hewa iliyonaswa ikatulia. Blanketi, manyoya ya kondoo na kiota cha ndege vyote hufanya kazi kwa njia hiyo. Maranda makavu ya mbao yenye unene wa inchi 2 huzuia joto lisitoke karibu sawa na ubao wa inchi 4, na zaidi ya zege ya unene wa futi 3. Lakini maji hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa iliyotulia. Kwa hiyo maranda yaliyolowa si kinga tena. Yamekuwa kitambaa cha maji kilichobandikwa chini ya kitanda chako, nayo yanaozesha boriti juu ya hasara hiyo.

Maranda hupatikana kwa seremala au kwenye mashine ya kupasua mbao, mara nyingi kwa bei ndogo. Yachague yale yaliyotoka katika mbao kavu, kisha uyaanike juani siku mbili tatu. Changanya debe 1 la chokaa kavu kwa kila madebe 10 ya maranda. Chokaa huwachukiza wadudu na huzuia kuvu, lakini haizuii moto, jambo ambalo tutalirudia. Kwa chumba cha futi 10 kwa 12, ukijaza unene wa inchi 4, utahitaji maranda kiasi cha magunia 9 au 10 ya yale yanayochukua kilo 90 za mahindi. Unga wa msumeno unafaa pia, ila ni mzito kuliko maranda na hushuka ukajibana. Ukiutumia, imarisha mbao za kuubeba.

Mfugaji wa kondoo anayo sufu yake mwenyewe, nayo ni kinga nzuri kupita maranda. Lazima ioshwe mafuta yatoke na ikauke kabisa, la sivyo itanuka na kuita nondo. Madukani mna sufi iliyotengenezwa kwa mawe au kwa kioo. Hiyo haiozi wala haishiki moto, lakini ni ghali, tena huwasha ngozi. Fundi avae glavu na afunge pua na mdomo. Kuna pia ile plastiki nyeupe nyepesi inayofungia televisheni ndani ya sanduku. Huzuia baridi sana na haisumbuliwi na unyevu, lakini huwaka upesi na moshi wake ni mbaya, na panya hupenda kuitoboa wakafanya viota. Sisi tusingeiweka chini ya chumba cha watoto. Maganda ya mahindi, majani na nyasi usitumie kabisa: hayo ni chakula na makao ya panya.

NAMNA YA KUFANYA KAZI

Kinga ni lazima iguse mbao za sakafu kwa upande wa chini. Ukiacha nafasi kati ya sakafu na kinga, upepo utaingia humo, na kazi yako itakuwa ya bure. Hapo ndipo mafundi wengi wanapokosea, kwa maana ni rahisi zaidi kupigilia dari chini ya boriti na kumwaga maranda juu yake bila kujali kama yamefika juu.

Kama nyumba ndiyo inajengwa, kazi ni nyepesi. Boriti zikiisha kuwekwa, kwa kawaida inchi 16 mpaka 24 toka moja hata nyingine, pigilia vipande vya inchi 1 kwa 1 ubavuni mwa kila boriti, karibu na ukingo wake wa chini. Juu ya vipande hivyo laza mbao nyembamba au plaiwudi. Jaza maranda mpaka yasimame juu ya boriti kama unene wa kidole, kwa sababu yatashuka. Halafu tandaza karatasi ya nailoni, na juu yake upigilie sakafu.

Angalia vizuri mahali pa nailoni hiyo: iko JUU ya kinga, chini ya sakafu, upande wa joto. Mtu mzima akilala usiku kucha hutoa kwa pumzi na jasho kiasi cha robo lita ya maji au zaidi. Unyevu huo hutafuta njia ya kwenda penye baridi. Nailoni ikiwa juu, unyevu hauingii katika kinga. Nailoni ikiwa chini, unyevu hushuka, hukutana na nailoni iliyo baridi, hugeuka kuwa matone, na matone hayana pa kwenda. Hivyo ndivyo yule mkulima wa Kinangop alivyooza boriti zake bila tone moja la mvua kuzigusa.

Kama nyumba imekwisha kujengwa, utafanya kazi kwa kulala chali. Si kazi ya kupendeza, na maranda yatakuingia machoni, vaa miwani. Anza ukutani kwa nyuma uje mbele, ukipigilia ubao mmoja, ukijaza, ukishindilia kidogo kwa mkono, kisha ubao wa pili. Hutaweza kuweka nailoni juu bila kung'oa sakafu, wala si lazima. Paka sakafu vanishi mara mbili, au tandika mpira wa sakafuni, nao utazuia unyevu vya kutosha. Ila ukitandika mpira, maji yakimwagika ukingoni yakaingia chini yake hayatakauka. Uinue siku hiyo hiyo. Na anayepiga deki akamue kitambaa sana. Sakafu ya mbao haipendi kumwagiwa ndoo kama ile ya simenti.

Ukingo wa mbele ndio unaosahauliwa. Pale boriti zinapotokeza nje, kati ya boriti na boriti kuna mlango mdogo wa upepo. Kata vipande vya mbao vya kuingia barabara katika kila nafasi, uviweke mstari mmoja na ukuta wa juu, uvipigilie, uzibe kingo zake. Bila hivyo upepo hupita kwa pembeni ukaingia ndani ya maranda, ukayapoza kutoka mwanzo wa boriti hata mwisho wake.

Kama nyumba ina stima na nyaya zimepitishwa chini ya sakafu, usizifunike kwa kinga kabla fundi wa stima hajaziangalia. Waya uliofunikwa hushindwa kupoa. Pamoja na maranda makavu, hiyo ni hatari ambayo haifai kujaribiwa.

HEWA YA CHINI

Sasa sakafu ina joto kwa juu. Chini yake upepo na uendelee kupita. Mbao haiozi kwa sababu ni kuukuu; huoza kwa sababu kuvu imepata maji ya kutosha ndani yake. Uzito wa maji katika mbao ukiwa chini ya sehemu 20 kwa kila 100 za uzito wa mbao kavu, kuvu haiwezi kustawi. Upepo ndio unaokausha mbao siku zote, tena bila malipo.

Kama upande wa chini uko wazi kabisa, uache hivyo. Kama ni lazima kuufunga kwa ajili ya mbwa mwitu au kwa ajili ya sura ya nyumba, tumia mbao zilizoachana au fito zilizosukwa, siyo ukuta. Na kama umejenga ukuta wa mawe, acha matundu katika pande mbili zinazotazamana, ili upepo uingie huku na kutoka huku. Kwa kila futi 1 ya urefu wa ukuta, matundu yawe na jumla isiyopungua inchi 1½ za mraba. Ukuta wa futi 20 utakuwa na inchi 30 za mraba, sawa na matundu matatu ya inchi 2 kwa 5. Yaweke juu karibu na boriti, wala yasiwe yote katikati, kwa kuwa hewa hulala pembeni na ndipo uozo unapoanzia. Yafunike kwa wavu ambao tundu zake hazizidi robo inchi. Wavu wa kuku haufai. Mtoto wa panya hupita humo bila kujikunja.

Chini pasiwe stoo. Kuni zilizopangwa mpaka kwenye boriti huzuia upepo, huleta mchwa, na huficha nguzo usizione. Mbuzi na kuku huongeza unyevu kwa pumzi na mkojo wao, na viroboto wao hupanda juu. Jenga banda lao kando. Ardhi ya chini iwe na mteremko wa kutoa maji, na upande wa juu wa kilima chimba mfereji ili maji ya mvua yazunguke nyumba. Maji ya paa nayo yaingie katika mfereji wa bati yaende kwenye tangi, yasidondoke nyuma ya nguzo. Acha nafasi ya futi 1½ au zaidi toka ardhini hata kwenye boriti, mahali ambapo mtu anaweza kutambaa. Pale ambapo huwezi kuingia, hutajua kinachotendeka.

Nguzo za mwerezi, ule ambao wengine huuita mtarakwa, huvumilia mchwa na uozo kuliko miti mingi, hasa sehemu nyekundu ya ndani. Nguzo ya mti mwingine isimame juu ya jiwe au zege, wala isifukiwe. Hata hivyo mchwa hupanda juu ya jiwe kwa kujenga njia zao za udongo. Weka kofia ya bati juu ya kila nguzo, kati yake na boriti, ikitokeza inchi 2 kila upande na kukunjwa kuelekea chini kama ukingo wa kofia. Kofia haiwaui mchwa, bali huwalazimisha kujenga njia yao mahali pa wazi, ukaiona na kuivunja. Tangu serikali iliposimamisha ukataji wa miti katika misitu yake mwaka wa 2018, bei ya mbao ilipanda sana, na ijapokuwa amri hiyo ilitangazwa kuondolewa mwaka wa 2023, boriti saba mpya si kitu cha kununua kwa fedha za viazi vya msimu mmoja.

JIKO LA MAKAA

Imebaki habari ya jiko. Katika miezi ya Juni, Julai na Agosti watu wengi huingiza jiko la makaa chumbani walale na joto. Makaa yanayowaka hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi wala harufu. Humfanya mtu asinzie, kichwa kikamuuma, kisha asiamke. Kila mwaka tunasikia habari za jamaa waliokutwa wamekufa asubuhi, mlango umefungwa kwa ndani.

Tunayasema haya hapa kwa sababu chumba chenye sakafu ya nyufa kilikuwa kikiingiza hewa kidogo kutoka chini, na wewe sasa umeziba nyufa zote. Chumba kile kile, jiko lile lile ambalo mwaka jana lilikuumiza kichwa tu, mwaka huu linaweza kukuua. Basi usilale na jiko ndani, hata kama makaa yameonekana kuwa majivu. Acha tundu la hewa juu ya dirisha, la kudumu, lisilozibwa kwa gazeti. Wala usiweke jiko juu ya sakafu yenye maranda chini yake pasipo sinia la bati lenye mchanga, kwa kuwa kaa moja likipita katika ufa litafuka ndani ya maranda muda mrefu kabla hujaona moshi.

Ukiisha kumaliza kazi yote, tambaa chini mara mbili kwa mwaka, mara moja mvua ndefu zikiisha na mara moja mvua fupi zikiisha. Chukua tochi na kisu. Choma kisu katika kila boriti karibu na ukuta na karibu na nguzo. Kikizama robo inchi tu na mbao ikakishika, ni nzima. Kikizama bila kushikwa, au ukiona nyuzi nyeupe kama utando wa buibui, ondoa kinga mahali hapo, iache wazi ikauke kwa juma zima la jua, na utafute maji yanatoka wapi kabla ya kuirudisha.